Laki sita za mchezo wa shangazi na laptopu ya Kariakoo

Shangazi yangu anakaa Magomeni Mapipa na kazi yake ni kupika shughuli. Harusi, hitma, arobaini, kichenipati, ukisikia pilau la watu mia tatu maeneo yale basi uwezekano ni mkubwa masufuria ni yake. Hesabu zake zote ziko kwenye madaftari, yale makubwa ya kava gumu, ila siku hizi wateja hawataki tena kutajiwa bei kwa mdomo, wanataka karatasi, wanamwambia "mama tutumie kotesheni kwa PDF tuipeleke kwenye kamati", na kamati za harusi za Dar mnazijua, watu ishirini kwenye grupu la WhatsApp na kila mtu anataka kuona nyama imeandikwa kilo ngapi. Ikawa kila oda lazima aende steshenari, anakaa nusu saa anamsomea mtu daftari lake, analipia, na bei zake zote zinabaki kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Zamu yake ya mchezo, ule wa kuchangiana pesa kwa zamu, ilipofika akanipigia saa moja asubuhi. "Mwanangu, pesa nimeshika, laki sita. Njoo unipeleke Kariakoo kabla haijaingia kwenye mchele wa watu."

Nilienda siku hiyo hiyo, na sababu ya kuharakisha ni kwamba hii ilikua laptopu yake ya pili. Ya kwanza alinunua mwenyewe mwaka juzi, mpya, ndani ya boksi, nyembamba nzuri, 480,000, na baada ya miezi minne ilikua haifunguki mpaka uipe dakika kumi. Alidhani ameiharibu yeye kwa kubonyeza vibaya na akaiweka kabatini kwa aibu, hakuniambia mpaka mwaka ukaisha. Hilo liliniuma kwelikweli maana hakuharibu kitu. Ile mashine ilikua na prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya Celeron N4020, ram (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 4GB na hifadhi ya 64GB aina ya eMMC, ambayo ni hifadhi ya ukoo wa zile za simu za bei ya chini, imechomelewa kwenye bodi na huwezi kuitoa uweke kubwa. Ram nayo imechomelewa. Sasa Microsoft wenyewe wanasema Windows 11 kiwango chake cha chini kabisa ni ram 4GB na hifadhi 64GB, kwahiyo ile laptopu ilitoka kiwandani ikiwa tayari imesimama kwenye mstari wa mwisho, Windows ikakaa, apdeti zikaja, picha za shughuli zikaingia, nafasi ikaisha, na ikishafika hapo hata apdeti zenyewe hazina pa kushukia, mashine inahangaika usiku na mchana na wewe unaona kiduara tu kinazunguka.

Ndo maana safari hii nilimwambia mapema, shangazi, laki sita haitupi mpya nzuri, laki sita inatupa mtumba mzuri. Hakupenda. Kwake mtumba ni kitu kilichochoka. Nikamwelezea kwa lugha ya jikoni, kwamba kuna sufuria jipya la bati jepesi na kuna sufuria la zamani zito lililopikia hoteli miaka mitano, wewe ungepeleka lipi kwenye harusi? Akanyamaza alafu akasema twende.

Hizi laptopu za mtumba zinazojaa Kariakoo nyingi zilikua za maofisi huko Ulaya, Marekani, nyingine zinapitia Dubai. Kampuni inanunua mia tano kwa pamoja, wafanyakazi wanazitumia miaka mitatu minne, zinabadilishwa zote hata ambazo hazina tatizo. Ndo unakutana na HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Hizi zimetengenezwa zifunguliwe na fundi, ram unaongeza, SSD (hifadhi ya kasi) unabadilisha, betri unabadilisha, kibodi unabadilisha. Zilipokua mpya zilikua bei kubwa sana na huo uimara bado umo ndani hata kama kava lina mkwaruzo.

Ila mtumba una umri, na umri ndo kitu wauzaji wengi hawautaji. Atakwambia "hii Core i5 mama, mashine ya kazi". Core i5 ni jina la prosesa za Intel, ila ya mwaka gani? Stika ya i5 ipo kwenye mashine ya 2011 na ipo kwenye mashine ya 2021. Angalia namba inayofuata baada ya kistari. i5-6300U ni jeni (kizazi) ya sita, i5-7200U ya saba, i5-8350U ya nane, na ukikuta i5-1135G7 hiyo ni ya kumi na moja. Mimi nilikua nimeshaamua hatushuki chini ya jeni ya nane na nina sababu mbili. Kwanza ni kwenye jeni ya nane, 2017, ndo Intel walizipandisha i5 za laptopu hizi nyembamba kutoka kori (vichwa vya kufanya kazi) mbili hadi nne, tofauti yake unaisikia ukifungua vitu vitatu kwa pamoja. Pili Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inazipokea rasmi kuanzia jeni ya nane kwenda juu, pamoja na kile kichipu cha usalama cha TPM 2.0. Jeni ya sita utaambiwa "hii ina Windows 11 tayari", ni kweli inawekwa kwa njia ya kupitia dirishani, ila Microsoft hawaitambui na siku apdeti kubwa ikija unabaki unahangaika mwenyewe. Kwa mtu kama shangazi sitaki hiyo habari kabisa.

(Kama bajeti yako ni laki tatu na kitu, jeni ya sita sio ya kutupa. Mimi ninayoandikia hapa ni EliteBook 840 G3 ya jeni ya sita, nimeweka Linux Mint 22, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, inapata apdeti mpaka 2029 na iko nyepesi kabisa. Lakini mimi nipo tayari kusoma nikikwama. Mtu wa shughuli nyingi mpe kitu ambacho hata mtoto wa jirani anakijua.)

Tukapanda mwendokasi, tukashuka Msimbazi, hao mpaka Mtaa wa Aggrey. Hata hujavuka barabara mawinga wameshakuona. "Mama karibu laptopu, bosi unataka ipi, zote zipo." Winga sio mtu mbaya, anatafuta riziki, ila kumbuka hana duka, anakupeleka kwenye fremu ya mtu na cha kwake kinaingia juu ya bei yako, na mashine ikileta shida wiki ijayo yeye humpati. Tulikua tunajibu ahsante kaka na kuendelea. Nilimwomba shangazi kitu kimoja tu, asitaje kiasi alichonacho. Ukisema nina laki sita, kila mashine pale inakua ya laki sita.

Duka la kwanza walitutolea Latitude safi kama mpya. Nikaizima, nikaiwasha nabonyeza F2 niingie bayosi, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka, ikadai paswedi. Kijana akasema "hiyo haina shida bosi, we tumia tu, huko ndani unaenda kufanya nini". Hapo nilifunga kifuniko nikashukuru. Bayosi yenye paswedi maana yake kampuni iliyokua inaimiliki iliiacha imefungwa, au haikuiacha yenyewe. Siku SSD ikifa unataka kupiga Windows upya kwa flashi huwezi kuiambia iwake kwa flashi, na kwenye mashine za ofisi hiyo paswedi haitoki kirahisi kama watu wanavyodhani ukichomoa betri ndogo ya ndani. Kwa HP unabonyeza F10, Dell F2, Lenovo F1. Ukishaingia angalia pia sehemu ya Absolute au Computrace, ule ni mfumo wa kufuatilia mashine iliyopotea, ukikuta umeandikwa umewashwa achana nayo hata kama bei inakuliza.

Duka la pili ndo nilitaka kulielezea kwa kirefu maana hapa kuna kitu ambacho ningependa kila mtu anayeenda kununua akijue.

Walikua na HP EliteBook 840 G5 tatu, zote i5-8350U, zote ram 8GB, zote SSD 256GB, zote 650,000 bei ya kuanzia. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, labda hii ina mkwaruzo hapa na ile pale. Shangazi alishaipenda ya kwanza kwasababu kava lake lilikua halina hata doa. Nikaomba niziwashe zote tatu. Unafungua Command Prompt, unaandika powercfg /batteryreport, unabonyeza enta, inakuandikia faili limehifadhiwa wapi, unalifungua kwenye brauza. Mle kuna mistari miwili, Design Capacity, yaani betri ilipotoka kiwandani ilibeba kiasi gani, na Full Charge Capacity, yaani leo ikijaa inabeba kiasi gani. Betri ya G5 kiwandani inakaribia mWh 50,000 (kipimo cha umeme inaobeba). Ile iliyopendwa na shangazi ilikua imebaki 29,000. Ya pili 34,000 na kitu. Ya tatu, yenye mkwaruzo mrefu mgongoni, 44,000.

Umeona? Bei moja, duka moja, na moja ina zaidi ya nusu tu ya uhai na nyingine karibu asilimia tisini. Kwa mji ambao umeme unaweza kukatika kotesheni ikiwa katikati, hiyo ni tofauti ya saa nzima na zaidi. Na muuzaji kwa haki yake hakuficha kitu, alikua hajawahi kuangalia, aliinama akasoma na sisi akasema "bosi hebu niandikie hiyo komandi". Nikamwandikia kwenye boksi la chaja.

Kwahiyo tukabaki na yenye mkwaruzo. Nikafungua Notepad nikabonyeza herufi zote moja moja, hata zile asizotumia mtu, F zote, mishale, spesi pande zote mbili. Muulize na kibodi ilitoka nchi gani, maana kuna za Ujerumani ambazo Z imekaa mahali pa Y, na za Ufaransa zinaanza na A Z E R T Y, wanabandika stika juu na baada ya miezi miwili ya mikono yenye mafuta stika zinatoka. Notepad ile ile nyeupe nikaivuta ijaze kioo chote, hapo madoa na vivuli vinajionyesha. Nikamwambia shangazi asogee pembeni aangalie, kama maandishi yanabaki meusi yanasomeka ukiwa upande basi kioo ni kizuri, kama yanageuka rangi hicho ni kile kioo cha bei rahisi. Kamera, maiki, spika, nikampigia mwanae video kwa wifi ya hotspoti yangu. Kila tundu la USB nikachomeka flashi. Kisha Task Manager, sehemu ya Performance, inakwambia ram ipo ngapi na imekaa kwenye nafasi ngapi kati ya ngapi, yetu ilikua kipande kimoja cha 8GB na nafasi moja wazi, furaha tupu, maana kesho na keshokutwa unaongeza 8GB nyingine bila kutupa ya zamani.

Chaja msiidharau. Ukiona mashine inakuletea onyo kwamba haiitambui chaja, hasa Dell, sio maneno matupu, inaweza kugoma kuchaji na ikapunguza spidi makusudi, unarudi nyumbani unasema laptopu nzito kumbe ni chaja ya kuokoteza. Tulipewa ya HP ya wati 65, nikasoma maandishi yake kabla haijaingia kwenye mfuko. Na G5 ina tundu la USB-C ambalo linachaji pia, siku chaja ikifa una pa kushikilia.

Bei tulimalizana 580,000. Kwenye risiti ndo pakawa na mvutano, yule kijana akasema ukitaka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bei inabadilika. Shangazi ndo alijibu, sio mimi. "Baba, mimi nikipika shughuli ya watu naandika karatasi, mteja anajua amenilipa nini. Na mimi mteja wako." Akaitoa. Tukaomba serial namba iandikwe pamoja na miezi mitatu ya waranti, kwa mkono, na muhuri. Serial ya chini ya mashine na iliyopo kwenye bayosi nilishazilinganisha, zilikua sawa. Elfu ishirini iliyobaki akanunua mausi na begi.

Sasa wengi hapa ndo wanaishia. Mashine imewaka, ina Windows, ina Word, nenda nayo. Mimi nasema kazi ya pili ndo inaanza, na nadhani hapa ndo laptopu nyingi za mtumba zinapata sifa mbaya isiyo yao.

Jumapili nilienda Magomeni na flashi yangu. Kabla ya kufuta kitu nilifungua Windows Security nikaangalia sehemu ya Exclusions, yaani vitu ambavyo antivairasi imeambiwa isiviguse. Ilikua imeandikwa C nzima. Diski yote! Hii inatokea kwasababu fundi wa kuaktiveti Windows na Office za bure anajua ile programu yake itakamatwa, anaiambia antivairasi ifumbe macho, na anaiacha hivyo hivyo. Na wewe mteja unaingiza humo barua pepe yako na paswedi zako za kila kitu. Sio lazima mtu awe na nia mbaya, ila mlango umeachwa wazi na aliyeuacha hajakwambia.

Na kinachosikitisha ni kwamba haikua na haja. Hizi mashine za ofisi zilikuja na Windows Pro halali na leseni yake inaishi kwenye bodi ya mashine yenyewe. Nilishusha Windows 11 kutoka kwa Microsoft nikiwa kazini kwa ruhusa ya bosi, maana inazidi 5GB na sikutaka kuchoma bando, nikatumia Media Creation Tool kwenye flashi ya 8GB, nikapiga upya, kwenye kuchagua pati (vigawanyo vya diski) nikafuta zote ikabaki nafasi moja tupu, nikachagua Pro kama iliyokuwepo. Ilipopata intaneti ikajiaktiveti yenyewe, dakika mbili. Bure. Halali. Nilimwonyesha shangazi pale palipoandikwa Active, na ingawa haikua na maana sana kwake kwangu ilikua na maana kubwa.

Ukiulizwa saa za eneo, Dar es Salaam hutaiona kwenye orodha, chagua Nairobi, UTC+03:00, ndo hiyo hiyo.

Kuhusu akaunti. Ukiingia na akaunti ya Microsoft kwenye Windows 11 za sasa, mara nyingi diski inajifunga yenyewe, asiye na ufunguo hawezi kusoma kilichomo, kitu kizuri kama laptopu ikiibiwa kwenye daladala, lakini ufunguo wa kuifungua unakaa kwenye ile akaunti, na nimeshaona mtu amefunguliwa akaunti na fundi kwa barua pepe ya fundi, siku mashine inadai ufunguo hakuna anayejua upo wapi na kazi zote zimekwenda. Kwahiyo akaunti niliifungua kwa barua pepe ya shangazi, namba ya simu ya shangazi, paswedi akaichagua mwenyewe, na ule ufunguo wa tarakimu 48 tuliuandika kwa kalamu nyuma ya daftari lake la bei. Lile daftari halijawahi kupotea miaka kumi na moja, naliamini kuliko kompyuta.

Alafu bando. Windows inadhani kila mtu ana faiba nyumbani. Shangazi anatumia hotspoti ya simu yake, akinunua GB chache anataka zimfikishe mwisho wa wiki, na Windows ikiachwa inaweza kuzimaliza usiku mmoja kwa apdeti. Unapoungana na hotspoti ya simu ingia kwenye sifa za ile wifi, washa Metered connection. Hiyo peke yake inazuia apdeti nyingi zisishuke bila kuulizwa. Kisha OneDrive, nimeizuia isibebe Desktop na Documents kwenda mtandaoni, kwanza nafasi yake ya bure ni 5GB tu, pili inakula bando kimyakimya. Programu zinazojiwasha zenyewe mashine ikiwaka nikazima karibu zote. Apdeti za usalama hatuziachi, naenda mimi nayo kazini mara moja kwa mwezi inashiba inarudi.

Kwenye programu sikujaza. Brauza, VLC, WhatsApp ya kompyuta, na LibreOffice. Office ya bure ya mtaani sikuweka na sitaweka, tumeshaona mlango inaopitia. LibreOffice inafungua faili za Word na Excel, inatoa PDF kwa kubonyeza mara moja, na ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili cha Tanzania, ukiandika "vitungu" inakupigia mstari mwekundu. Hilo linanigusa. Mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, wakati ambao wengi wetu tuliona kompyuta na Kiswahili ni vitu viwili visivyokaa meza moja. LibreOffice ilizaliwa kutoka OpenOffice mwaka 2010. Mimi nikiona shangazi anaandika "bizari" na "mdalasini" na kompyuta haimsumbui, nawakumbuka wale watu hata siwajui kwa sura.

Herufi nikazikuza mpaka asilimia 150 ili asivae miwani miwili. Kwenye uso wa kioo nikaacha vitu vitatu tu, folda ya kotesheni, folda ya picha za shughuli, na jedwali.

Jedwali tulikaa nalo mchana mzima na hapo nilijifunza mimi. Nilidhani ni kuandika tu bei. Shangazi akasema hapana, mimi hesabu yangu inaanza na watu. Kilo moja ya mchele wa pilau ni watu saba, anasema, wakiwa watu wa harusi ya usiku, mchana wanakula zaidi. Kwahiyo sanduku la kwanza ni idadi ya watu, kila kitu kinatoka hapo, mchele ni watu gawanya kwa saba, nyama inafuata, vitunguu vinafuata, mafuta. Nikaandika =ROUNDUP ili isitoe kilo 42.86 ikatoa 43. Akaangalia akasema, "Weka 45. Mchele haununuliwi arobaini na tatu." Nikabadilisha ipande kwa tano tano. Akaandika 300, ikatoka 45, akaandika 250, ikatoka 40, akarudia na 500, ikatoka 75, akachukua daftari akalinganisha na shughuli ya mwezi uliopita ya watu mia tano. Ilikua 75. Akaweka mkono mdomoni hakusema kitu kwa muda.

Kwa nakala tumeweka utaratibu wa Ijumaa, baada ya swala anachomeka flashi ya 32GB anakopi ile folda, na kotesheni kubwa anajitumia kwenye barua pepe yake mwenyewe. Flashi hiyo ni ya kawaida tu. Zile za kuandikwa 1TB kwa elfu kumi na tano pale barabarani usiweke kitu unachokipenda humo, zimedanganywa ukubwa, unakopi inakubali, siku ya kufungua faili hazifunguki.

Imepita wiki ya tano sasa. Juzi saa tano usiku nimepokea PDF kwenye WhatsApp, maulidi, watu 250, kila kitu kimekaa kwenye mstari wake, jina lake na namba juu, na chini ameongeza mwenyewe mstari ambao sikumfundisha, "Kuni na mkaa". Nikampigia. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, umeiona? Sasa nataka hapo kwenye bei nikifunga mtu asiweze kupagusa, inawezekana?" Nikamwambia inawezekana, Jumamosi nakuja, na nitakuja na kile kipande cha ram.